Wiki Nne Katika Pindo la Leso

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Sogezeni redio. Aliye jikoni apunguze moto kidogo, aje akae na wenziwe. Leo tunamkumbuka mtu wa Hewani. Jina lake Abdulmalik Buya. Alikuwa mkulima wa ukingoni mwa mto, mume wa Mwanaarusi, baba wa Hafidha. Ametutoka akiwa na miaka sitini na mmoja. Abdulmalik Buya, wa Hewani.

Wengine mlimjua kwa ndizi zake, zile alizokuwa akizileta soko la Garsen zimefungwa kwa majani yake yenyewe. Wengine mlimjua kwa mwendo. Maana mwaka jana mzee huyu alitembea mpaka watu wakauliza amepatwa na nini.

Nitakayoyasimulia nimeyapata kwa Mwanaarusi mwenyewe. Yuko eda, na mwenye eda hatoki nje, basi mimi ndiye niliyekwenda. Nilikaa naye mkekani mara tatu. Mara ya kwanza alinipa maji ya kunywa, basi. Mara ya pili alisema kidogo. Mara ya tatu alisema yote, kisha akaniambia, "Yapeleke redioni. Usinisitiri." Nikamuuliza kama wanawe wanayajua. Akasema wanayajua. Haya basi, tusikilizane.

Abdulmalik alikuwa na sukari. Si ya kwenye chai, wasikilizaji wapendwa. Ile ya mwilini. Aliambiwa zahanati miaka sita iliyopita, akaambiwa na dawa yake: vidonge, apunguze ugali, na atembee. Akarudi nyumbani anacheka. "Mama Hafidha, nimeambiwa nitembee. Mimi niliyezaliwa sina baiskeli."

Mwanaarusi alimjibu hapo hapo. "Ulitembea zamani. Sasa hata shambani unapakiwa na boda boda kama gunia la mpunga."

Na ilikuwa kweli. Tangu boda boda zifike kijijini, miguu yetu wengi imekaa likizo.

Mwaka jana ukaja mradi. Aliyeuleta ni msichana wa Minjila, anaitwa Afrah. Watu wa Hewani walimwita Mwalimu Afrah, ingawa hakushika chaki. Alitaka watu wazima wenye sukari au presha, wajiunge watano watano. Kila mmoja awe na simu janja. Simu unaiweka mfukoni, unatembea, yenyewe inahesabu hatua. Kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri inaingia sauti ya Afrah kwenye simu. Anakusalimu kwa jina. Anakuambia jana ulitembea kiasi gani. Anakuuliza umeamkaje.

Abdulmalik simu alikuwa nayo, aliletewa na Hafidha kutoka Malindi. Mwanaarusi ana ya kwake ile ndogo ya tochi, ya kupiga na kupokea. Kwa hiyo aliyeandikwa ni Abdulmalik peke yake.

Shikeni hesabu hii, maana ndiyo iliyobeba mambo. Watu watano. Hatua elfu sita kwa siku. Wiki kumi na mbili. Na kundi likizimaliza wiki zote bila mtu wake hata mmoja kupungukiwa, linapewa pampu ya kuvuta maji mtoni. Pampu, wasikilizaji wapendwa. Anayelima ukingoni anajua maana yake. Mto uko hapo chini, unauona, na mahindi yako yanakufa kwa kiu hapa juu.

Kundi la Abdulmalik lilikuwa la wazee watupu. Alikuwamo rafiki yake wa utotoni, Kotile, mtu wa maneno mengi. Siku ya kwanza Kotile alimwambia Afrah mbele ya watu, "Mwanangu, mimi hii simu nitaifunga shingoni mwa ndama. Jioni utaniona nimefika Bangale kule mbali."

Watu wakacheka. Afrah naye akacheka, kisha akasema, "Baba Kotile, ndama hana sukari."

Wakamchagua Abdulmalik kiongozi. Akalichukua jambo lile kwa moyo wake wote. Mwanaarusi anasema alikuwa anaamka kabla ya muadhini. Anavaa kanzu yake kuukuu, simu mfuko wa kifuani, anakwenda mpaka barabara kuu na kurudi. Akirudi anapita nyumba ya Kotile, anagonga dirisha kwa fimbo. "Kotile, kundi liko njiani, wewe uko kitandani." Na Kotile anajibu kutoka ndani, "Huyu mzee anatembea kama ameona kiboko. Mama Hafidha anampa nini?"

Alikonda tumbo. Alianza kulala vizuri. Zahanati wakampima, sukari imeshuka. Mwanaarusi anasema zile zilikuwa wiki sita za furaha. Jioni wanakaa barazani, Abdulmalik anamwekea sauti ya Afrah aisikie. "Mzee Abdulmalik, jana hatua elfu saba na mia mbili. Hongera baba." Naye anamwangalia mkewe pembeni kama mtoto aliyeletewa nguo ya Idi.

Wiki ya tano mradi ukawapa viatu vya raba, kila mtu jozi yake. Viatu vizuri, vya kamba. Abdulmalik maisha yake yote alivaa sandali za tairi. Sandali ikiingia kitu, unakung'uta mguu, kimetoka. Kiatu cha kufunika si hivyo.

Sasa sikilizeni. Wiki ya saba, siku ya Jumanne, walikuwa wanapukuchua mahindi uani. Viatu viko hapo pembeni. Punje moja ya mahindi ikaingia ndani ya kiatu cha kulia. Punje moja. Abdulmalik akavaa, akaenda mpaka barabara kuu, akarudi. Akapita shambani. Akarudi. Siku nzima anatembea juu ya punje ile wala hajui. Sukari ilikuwa imeshamlia hisia za miguu, na hakuna aliyekuwa ameliona hilo, hata yeye.

Jioni alipovua soksi, Mwanaarusi aliona damu. Chini ya kidole gumba palikuwa na shimo dogo, na punje imekaa humo kama imepandwa.

"Haikuumi?" akamuuliza.

"Hainiumi."

Mwanaarusi anasema hapo wote wawili walishukuru Mungu. Walidhani kidonda kisichouma ni kidonda kidogo. Wasikilizaji wapendwa, nalirudia neno hili. Walidhani kidonda kisichouma ni kidonda kidogo.

Wakaosha kwa maji ya chumvi. Wakachemsha mwarobaini. Siku ya tatu mguu ukavimba, hauingii kiatuni, hauingii hata kwenye sandali. Na wiki bado haijaisha. Simu iko kwenye kikapu ukutani, hatua mia mbili tu.

Abdulmalik alikaa kitandani anaitazama ile simu. Akasema, "Nitawaangusha wenzangu."

Mwanaarusi akasema, "Mwambie Mwalimu unaumwa."

"Nimwambie kiongozi wa kundi ameshindwa na punje ya mahindi? Kotile atanifanyia wimbo."

Mwanaarusi hakubishana. Alikuwa anakwenda mtoni kuteka maji. Alinyoosha mkono, akaichukua simu kikapuni, akaifunga kwenye pindo la leso kiunoni, akatoka.

Sasa msimhukumu haraka. Mtu wa mbali atasema huu ni udanganyifu tu. Ninyi wa ukingoni mnajua zaidi. Huko Hewani watu wakilimiana shamba, husimama kwa mstari, kila mtu na njia yake ya kulima. Mmoja akiugua, mstari hauachwi wazi. Mkewe atashika jembe asimame mahali pake, au nduguye. Jioni hakuna anayesema fulani hakuja. Inasemwa fulani amelima. Ndivyo alivyolelewa Mwanaarusi. Mwaka ule Abdulmalik alipovunjika mkono, alimlimia njia yake msimu mzima, na watu wakamsifu. Basi aliposhika simu ile, moyoni mwake alikuwa ameshika jembe la mumewe.

Alikwenda nayo mtoni. Alikwenda nayo shambani, kuni, kwa jirani, kisimani. Mwanamke wa Hewani hatua elfu sita anazimaliza jua halijapanda. Jioni akimrudishia simu, Abdulmalik anatazama namba anacheka. "Mama Hafidha, leo nimefika elfu tisa. Nimechoka sana." Naye anamjibu, "Pumzika baba, kesho una safari."

Walicheka hivyo. Nyumba ilikuwa na kicheko, na kidonda kinakula chini ya kitambaa.

Wiki ya nane ikapita. Ya tisa. Ya kumi. Kotile alikuwa anapita jioni kumsalimu na kumkuta amekaa, mguu chini ya shuka. Abdulmalik anamwambia ametoka kutembea sasa hivi. Na Kotile anaangalia namba kwenye simu, anatikisa kichwa, anaamini. Namba haibishiwi.

Afrah peke yake ndiye aliyeshtuka kidogo. Aliona mzee ameongeza. Aliona hatua zimetawanyika kutwa nzima, si asubuhi tu kama zamani. Akamtumia sauti. Sauti ile ipo, nimeisikia kwa masikio yangu. "Mzee Abdulmalik, unatembea sana wiki hizi, nafurahi. Ila nakuuliza, miguu yako ikoje? Umeitazama nyayo?"

Na jibu la Abdulmalik lipo. Anajibu kwa sauti ya uchangamfu. "Alhamdulillahi mwanangu, miguu ni mizima, ingekuwa farasi ningeiuza." Na nyuma ya sauti yake unasikia kinu. Du, du, du. Kuna mtu anatwanga.

Mwanaarusi aliniambia, "Anayetwanga ni mimi. Nilimsikia anavyosema. Sikusimamisha mchi."

Wiki ya kumi na moja, siku ya Alhamisi, Abdulmalik alianza kutetemeka. Akawa anamwita mama yake aliyekufa zamani. Harufu ya mguu ilikuwa imejaa chumba. Mwanaarusi akaita boda boda, wakampandisha yeye katikati na mkewe nyuma kumshika, mpaka Garsen. Garsen wakamtazama wakasema hapa si pake, wakampa gari mpaka hospitali kubwa.

Daktari aliyempokea alikuwa mwanamke, jina lake Beryl. Alifunua kitambaa. Kisha akauliza, "Mzee, hiki kidonda kina siku ngapi?"

Abdulmalik akasema, "Siku tatu."

Mwanaarusi alikuwa amesimama miguuni pa kitanda. Simu bado iko kwenye pindo la leso. Anasema alihisi uzito wake kama jiwe la kinu. Akasema, "Wiki nne, daktari. Ni wiki nne. Mimi nilikuwa naficha."

Abdulmalik akageuza uso ukutani.

Daktari Beryl akawaeleza kwamba mguu umekufa mpaka juu ya kifundo. Ukatwe leo. Abdulmalik alikataa siku mbili. Alisema mkulima wa mguu mmoja atasimamaje kwenye tope. Hafidha alifika kutoka Malindi, akalia, akamsihi. Siku ya tatu alikubali, lakini sumu ilikuwa imeshapanda damuni. Walimkata mguu mchana. Kabla ya alasiri ya siku iliyofuata, Abdulmalik Buya alifariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Neno lake la mwisho kwa mkewe lilikuwa kabla hajaingizwa chumba cha kukatwa. Alimshika mkono. Akamwambia, "Ulivyomwambia daktari, ulisema vizuri, Mama Hafidha. Ningekuwa na ulimi kama wako."

Walimzika Hewani, ng'ambo ya migomba yake. Mwanaarusi akaingia eda.

Na hapo ndipo penye uchungu kuliko pote. Simu haikujua kwamba mwenyewe amekufa. Hospitalini Mwanaarusi aliendelea kuifunga lesoni, lakini tangu maziko ilikuwa juu ya sanduku, na asubuhi ya tatu ikalia. Sauti ya Afrah. "Mzee Abdulmalik, siku tatu sijaona hatua zako. Kuna heri?" Hakuwa na habari, masikini. Hafidha ndiye aliyempigia akamwambia.

Afrah alikuja siku hiyo hiyo. Alikaa mkekani mbele ya Mwanaarusi. Mwanaarusi ndiye aliyeanza. Akamweleza mambo ya leso, mtoni, shambani, wiki nne. Akamaliza akasema, "Ila mwanangu nisamehe. Tuliogopa kuwaangusha wale wanne. Wasikose pampu kwa ajili yetu."

Afrah akainua kichwa. Akauliza polepole, "Mama, hakukuambia kuhusu siku za mgonjwa?"

"Siku gani za mgonjwa?"

Afrah akaomba simu. Akarudi nyuma, nyuma, mpaka wiki ya kwanza. Akaiweka sauti yake mwenyewe. Mwanaarusi akasikiliza. "Wazee wangu, mtu akiumwa asitembee. Anijulishe. Wiki ya mgonjwa inasamehewa, na kundi halipungukiwi kitu."

Kundi halipungukiwi kitu, wasikilizaji wapendwa. Nalirudia kwa sababu Mwanaarusi alilirudia mbele yangu mpaka nikamshika mkono. Wiki ya mgonjwa inasamehewa. Abdulmalik aliisikia sauti ile wiki ya kwanza, akiwa mzima, anajiandaa kutoka. Labda aliisahau. Labda aliona msamaha ni wa wavivu. Hatujui. Jibu alikwenda nalo kaburini. Lakini mkewe hakuisikia kamwe, maana simu haikuwa yake. Yeye aliibeba tu.

Afrah aliwaandikia wakubwa wake ukweli wote, hakuficha lake. Alisema, "Mimi niliona namba nikafurahi. Nilikuwa nyuma ya simu, sikwenda kumwona mtu." Siku hizi kila mwezi anashuka Hewani mwenyewe, anawavua wazee viatu mmoja mmoja. Kotile anamwambia, "Mwalimu, umeacha hatua sasa umeshika kucha." Anasema hivyo, lakini mguu anautoa, na macho yake hayacheki.

Pampu ililetwa, maana wiki za mgonjwa zilisamehewa. Kotile mwanzo aliikataa. Alisema, "Nilikuwa nakaa naye chumba kimoja nanusa ule mguu, nikaamini simu. Pampu ya nini?" Wenzake wakamwambia maji hayana kosa. Siku walipoiwasha, wakaelekeza mpira kwenye shamba la Abdulmalik kwanza. Na kwa kuwa mjane yuko eda hatoki, walisimama mstari, wakamlimia njia ya mumewe yote, mwanzo mpaka mwisho. Mwanaarusi alisikia mlio wa ile pampu akiwa ndani. Alifunga dirisha. Baadaye akalifungua.

Aliniambia neno, siku ile ya tatu mkekani. Nimelibeba mpaka leo, na ndilo alilotaka lifike kwenu. Alisema, "Shamba la mtu unaweza kumlimia. Maji unaweza kumtekea. Hatua zake huwezi kumpigia. Nilidhani nambebea mzigo, kumbe nilikuwa namfunika. Ningeufungua ule mguu mbele za watu siku ya kwanza, angenikasirikia. Leo angekuwa amenikasirikia, yupo."

Wasikilizaji wapendwa, mimi sina la kumlaumu mama huyu. Nani kati yetu hajamfichia mtu wake aibu kwa mapenzi? Na kutembea si kubaya. Kutembea kulimpa Abdulmalik wiki sita nzuri kuliko miaka sita yote, na Mwanaarusi mwenyewe anasema hivyo. Mradi ule haukumuua. Lakini namba si mtu. Hongera si afya. Na kidonda kisichouma, kwa mwenye sukari, ndicho cha kukimbilia daktari.

Tunatoa pole kwa Mwanaarusi, ambaye najua anatusikiliza, na eda yake imebakiza siku tisa. Mama, umetimiziwa uliloomba, limesemwa. Pole Hafidha na ndugu zako. Pole Kotile na wazee watatu waliobaki. Pole Mwalimu Afrah, shika kazi mwanangu, usiiache. Pole watu wa Hewani wote. Mwenyezi Mungu ailaze roho ya Abdulmalik Buya mahali pema.

Sasa nina ombi moja. Popote ulipo, dukani, jikoni, barazani, vua kiatu. Vua na soksi. Geuza unyayo uutazame, chini ya kidole gumba, katikati ya vidole, kisiginoni. Kama huwezi kuinama, mwite aliye karibu nawe akutazamie. Akikuambia kuna kitu, usimwambie anyamaze.

Redio itakaa kimya kidogo. Tunawasubiri.